Sekunde Kumi za Kutulia

Daktari alisema neno "huenda" mara tatu. Huenda sauti ikabadilika, huenda ikachukua miezi kurudi, huenda isirudi kama ilivyokuwa. Mama alikaa mbele yake, kitenge kimezungushwa shingoni kama alivyokizungusha tangu uvimbe wa tezi uanze kuonekana kwa macho, akaitikia kila "huenda" kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa duka lilipo. Tukapewa tarehe ya upasuaji, wiki tano mbele. Tulipotoka nje kukaa kwenye benchi, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nilikumbuka kufunga mlango wa stoo kwake, maana mbuzi wa jirani hawana haya.

Nilimwambia nimefunga. Kusema kweli sikukumbuka. Siku moja kabla nilikuwa nimemfuata Kitangari, akalala kwangu Newala, na kabla ya jua kuchomoza tukashuka naye mpaka Masasi, na kesho yake nilikuwa na vipindi sita darasani na madaftari ya mikondo miwili yananisubiri mezani. Watu husema uchovu wa kazi huisha ukilala. Wangu ulikuwa umeshazoea kulala na mimi na kuamka na mimi.

Niseme mama yangu ni nani kwa watu. Kitangari wanamwita Mama Mwalimu kwa sababu yangu, lakini ukitokea msiba, au harusi, au siku ya kualikana kwenda kupalilia, hakuna anayekumbuka kwamba kuna mwalimu. Yeye ndiye anayetoa wimbo, wengine wanaitikia. Alizaliwa Lisekese, upande wa Masasi, kwenye ukoo wa Waanglikana wa siku nyingi. Babu yake alikuwa mwalimu wa kanisa, na nyimbo za kitabuni alizikuta nyumbani kama alivyokuta vyungu. Alipoolewa huku juu akajifunza na za huku: za kutwanga, za shambani, za kumtoa mwali ndani. Anazo zote, na hakuna hata moja aliyoiandika.

Ana tabia moja. Kabla ya kutoa wimbo hafungui mdomo. Anafumba midomo, anatazama chini, na kitu kinaanza kuvuma ndani yake, chini kabisa, kwa muda kidogo. Kama hukukaa ubavuni kwake husikii. Wanawake wakimwona hivyo wanaambiana, "Subirini, anautafuta." Hawasemi anaimba. Anautafuta wimbo ulipo, kimo chake, na pa kuingilia. Akiupata anafungua mdomo, na sijawahi kumsikia akiingia pasipo pake.

Pale kwenye benchi ndipo nilipopata wazo la kumrekodi. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Kila mwaka naandika ubaoni, fasihi simulizi, nyimbo za kazi, bembelezi, nyimbo za jandoni na unyagoni, sifa zake, dhima zake, na wanafunzi wananakili vichwa vimeinama. Mifano naitoa kwenye kitabu, nyimbo za watu wa mbali nisiowajua. Na mama yangu anakaa Kitangari na nyimbo zake kifuani, nami sina hata moja. Niliona aibu. Ningependa kusema ni upendo ulionisukuma, lakini siku ile ilikuwa aibu, na hofu ya wiki tano.

Tulianza siku ileile kwa kwenda studio. Iko Masasi, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na prodyuza wake ni bwana mpole aliyempa mama shikamoo kwa kuinama na kumtafutia kiti chenye mto. Kisha akamvika hedifoni na kumwekea masikioni kitu kinachogonga, tik, tik, tik, ili asikose mwendo. Alinieleza kwamba baadaye ataweka biti, na pale sauti inapoyumba ataiweka sawa. Mama aliimba mistari miwili, akavua hedifoni, akaomba maji.

"Kuna mtu humu ananihimiza," akasema.

"Ni mashine, mama. Inakusaidia usipotee."

"Mimi sijapotea."

Alijaribu tena mara mbili, na mara zote mbili sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbilia gari. Mimi nilikuwa nimeegemea trei za mayai nikihesabu siku. Tulipotoka aliniambia kwamba yule bwana ni mzuri na amelelewa, lakini nyimbo hizi si za kuhimizwa na mashine. Kama nazitaka, nizifuate kwake.

Prodyuza hakukasirika. Aliniandikia kwenye karatasi vitu vya kuagiza Dar: maiki ya studio, kiboksi wanachokiita saundi kadi ambacho ndicho kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, hedifoni, waya na standi. Programu ya kurekodia, akasema, ni ya bure, nipakue tu. Kompyuta nilikuwa nayo, ya mtumba, ambayo betri yake ilishakufa, kwa hiyo ukichomoa waya inazimika na wewe unabaki kuangalia uso wako kwenye kioo. Mzigo ulikuja kwa basi mpaka Masasi, ukapandishwa Newala. Niliufungua juu ya meza ya chakula na kuondoa plastiki taratibu, nikaunganisha kama mchoro ulivyoonyesha, nikasema moja, mbili, tatu.

Maiki ilikuwa bubu. Ilikaa bubu siku nne. Nilitoka shuleni, nikaunganisha upya, nikazima, nikawasha, nikatazama video. Wanaofundisha mambo haya mtandaoni ni vijana wenye kofia, wanaongea Kiingereza cha mbio, na nyumbani kwao hakuna jogoo. Wanasema "sasa sikiliza tofauti," wanabonyeza kitu, nami sisikii tofauti yoyote, kisha bando linaisha. Siku ya tano nilimtumia prodyuza picha. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka kwanza ndipo anaongea.

"Mwalimu, maiki hiyo inakula umeme wake. Hapo kwenye kiboksi pana kitufe kimeandikwa arobaini na nane. Kibonyeze."

Nilikibonyeza. Taa nyekundu ndogo ikawaka, na nikavisikia vyote kwa mpigo: friji, feni, pikipiki barabarani, jirani akimkemea mtu kuhusu ndoo, na pumzi yangu mwenyewe. Siku nne nilikuwa naongea na chuma chenye njaa. Nilikaa pale nikacheka peke yangu, halafu sijui kwa nini nikataka kulia. Wiki moja kati ya zile tano ilikuwa imekwenda.

Jumamosi nilivipakia kwenye begi la shule nikaenda Kitangari. Sebuleni kwa mama kuna bati tu juu, hakuna dari, na sauti ukiitoa inapanda kule inarudi imevaa nguo nyingine. Na ilikuwa msimu wa kupulizia salfa mikorosho. Mashine zile huanza alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaamka, na mtu aliyezibeba mgongoni hana habari na anayerekodi. Zikinyamaza, pikipiki zinaanza. Pikipiki zikipungua, ni wanawake na madumu ya maji, na kwetu maji hayaendewi kimya. Nilikuja kugundua wakati mmoja tu mzuri, saa nane mchana, watu wakishakula, jua likiwa kali na kila kiumbe kimejiegesha mahali.

Chumba nacho nilikitafuta. Yule bwana wa studio alinielekeza nipige kofi moja katika kila chumba na kusikiliza kama linarudi. Nikapiga sebuleni, likarudi. Chumbani, likarudi kidogo. Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi, ananitazama navuka nyumba yake nikipiga makofi.

"Unafukuza nini?"

"Natafuta chumba ambacho kofi halirudi, mama."

Alifikiri kidogo. "Jaribu stoo."

Stoo ilijaa magunia mpaka usawa wa kichwa, makopa ya muhogo upande mmoja, mbaazi upande mwingine, na mikeka mikuukuu imeviringwa kwenye kona. Nikapiga kofi. Lilitua kwenye magunia likalala hapohapo. Prodyuza wa Masasi na trei zake zote hakuwa na chumba kama kile. Tukavuta waya wa umeme kutoka sebuleni kupitia dirishani, nikamwekea mama kigoda katikati ya magunia, maiki mbele yake, kompyuta juu ya gunia la mbaazi, na mimi nikachuchumaa kando.

Hedifoni alizitaka yeye. Amewaona waimbaji kwenye televisheni wamezivaa, akasema kama ni kurekodiwa basi arekodiwe kamili. Zilikuwa pea moja. Nikampa, akajifunga kitenge vizuri shingoni, akazivaa juu ya kilemba, na alipojisikia akikohoa ndani yake akatabasamu kama msichana. Mimi nikabaki na kioo cha kompyuta, kuangalia ule mstari unaochezacheza mtu akitoa sauti.

Sasa kuna jambo prodyuza alinisisitizia zaidi ya yote. Kabla mwimbaji hajaanza, alisema, rekodi sekunde kumi za chumba kitupu, mtu asitoe sauti. Hata chumba kilichotulia kina mvumo wake. Baadaye unaionyesha programu zile sekunde kumi, unaiambia hiki ndicho nisichokitaka, nayo inakifuata kwenye wimbo mzima inakiondoa. Ndiyo kusafisha sauti.

Kwetu mtoto hamwambii mama yake "nyamaza." Awe na miaka arobaini na mitatu, awe na shahada, awe na maiki. Neno hilo ni la kumwambia mtoto anayelia, au mbwa. Nilijaribu kulizunguka, nikasema moyoni "usitoe sauti," likanikwama zaidi, maana huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa anakwenda kupasuliwa shingo, na hicho hasa ndicho tulichokuwa tunakiogopa. Nikasema la heshima.

"Mama, naomba utulie kidogo kabla ya kuanza."

"Haya," akasema. Akaweka mikono juu ya mapaja, akafumba midomo, akatazama chini.

Nilibonyeza. Mstari ulichezacheza kidogo sana, kama maji kwenye beseni mtu akipita karibu, nami nikajisemea ndio huo, mvumo wa chumba. Sekunde kumi zikaisha. Nikampa ishara, akafungua mdomo.

Sitajaribu kueleza alivyoimba. Nitasema moja tu, kwa sababu ndilo lililokuja kuniumiza. Mama hamalizi mstari kwa nguvu. Anaushusha, anauachia, unaenda wenyewe ukipungua, na hapo kwenye kupungua ndipo waitikiaji huingia. Mle stoo waitikiaji hawakuwepo, lakini aliwaachia nafasi yao kila mara, anasubiri, anaendelea. Jumamosi nne nilikwenda, nyimbo kumi na nne tulirekodi. Kila wimbo nilimwomba atulie, na kila wimbo alitulia. Kati ya wimbo na wimbo alinieleza nani alimfundisha na shamba la nani walikuwa wanalima, na mimi, mjinga, nilikuwa nasimamisha mashine ili kuokoa nafasi.

Jumapili ya mwisho kabla ya upasuaji nilikaa kwangu Newala mchana kutwa. Upande mmoja wa meza kulikuwa na karatasi za mtihani wa majaribio, rundo la kufika kifuani nikikaa. Upande wa pili kompyuta, ambayo ilikuwa imeanza kuniandikia kwamba imejaa. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Nikasema nimalize hili moja maishani nilitoe kwenye orodha. Nikachukua zile sekunde kumi, nikaionyesha programu, nikavuta kipimo cha kusafisha mpaka karibu na mwisho, maana nilitaka ziwe safi kabisa, na nikapitisha nyimbo zote kumi na nne. Nilisikiliza mstari wa kwanza wa wimbo wa kwanza kwenye spika ya kompyuta, ambayo sauti yake ni ya nzi ndani ya kopo. Mama anaanza kwa nguvu. Nikaona ni sawa. Nikahifadhi juu ya zile za mwanzo, nikafuta mabaki yote kupata nafasi. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Siku hizi kila kitu kinaniuliza kama nina hakika, na sisomi tena. Nikabonyeza ndiyo, nikavuta karatasi ya kwanza ya mtihani. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba nyimbo za kazi husaidia kuondoa uchovu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili yake, mchana, mama amelala na bandeji shingoni, nilikaa kwenye korido ya wodi na kompyuta mapajani, nimeichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa ruhusa ya nesi, nikavaa hedifoni kwa mara ya kwanza tangu tuanze kurekodi. Nilitaka kumsikia. Hakuwa ameruhusiwa kusema neno tangu jana.

Mwanzo wa mstari alikuwepo. Katikati akaanza kuwa mtu anayeimba ndani ya mtungi wa maji. Na mwisho, pale anaposhusha, hapakuwa na kitu. Si kwamba sauti ilikuwa ndogo. Haikuwepo, imekatwa, kimya cheupe, halafu mstari unaofuata unaruka ghafla. Nikafungua wimbo wa pili. Wa tatu. Wa kutwanga, wa mwali, na ule wa kitabuni aliofundishwa na babu yake. Kumi na nne zote zilikuwa hivyo. Nesi alipita akaniuliza kama mgonjwa wangu ana shida. Nikamwambia hapana, mgonjwa hajambo.

Nilimtumia prodyuza kipande, nikatoka nje nikampigia.

"Mwalimu, zile sekunde kumi. Mama alikuwa kimya?"

"Alitulia."

"Kutulia sawa. Alikuwa kimya?"

Nilitaka kujibu ndiyo. Nikamwona kwenye kigoda, midomo imefumbwa, macho chini, mikono mapajani, na nikausikia kabisa ubavuni mwangu ule mvumo ambao siku ile sikuusikia, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwenye macho. Alikuwa anautafuta. Nimeketi na mwanamke huyu misibani na mashambani maisha yangu yote, na nilipomwambia atulie kabla ya wimbo, alifanya kile anachokifanya kabla ya wimbo. Nami nilikuwa nimeichukua sauti ya mama yangu, nikaionyesha mashine, nikaiambia hiki ndicho nisichokitaka. Ilinitii. Ilikifuata mpaka kwenye mwisho wa kila mstari ikakiondoa.

"Zile za mwanzo unazo?" akauliza yule bwana. Nikamwambia nimefuta. Akasema pole, akasema tena pole, na ilikuwa pole ya msibani.

Sikumwambia mama. Nilimrudisha Kitangari, nikampikia uji, nikarudi shuleni. Sauti yake ilirudi kama mkwaruzo, kama mtu anayekokota kiti chumba cha pili. Tulirudi kwa daktari, na safari hii hakusema "huenda" hata mara moja. Alisema tushukuru kwa uzima. Tukashukuru. Kanisani akawa anakaa benchi la nyuma, na mwanamke mwingine anatoa wimbo, vizuri tu. Mimi nikawa mtu wa kukasirika ovyo. Niliwafokea wanafunzi kwa kunakili vibaya. Nikavifunga vyombo vyote kwenye begi na kulisukuma chini ya kitanda, na kila nilipofagia ufagio uliligonga.

Korosho zilipoanza kuanguka nilikwenda kumsaidia kuokota. Siku hiyo, tumekaa kivulini tunatenganisha korosho na mabibo, akaniuliza kwa ile sauti yake mpya, ambayo lazima usogee.

"Wanawake wa kanisani wananisumbua. Wanataka kusikia zile nyimbo. Nisikilizishe mimi kwanza."

Nilikuwa na simu mfukoni, na nyimbo zilikuwamo. Nilimwambia zimeharibika. Akauliza zimeharibikaje, nikaanza kueleza mvumo na programu, nikajikuta naeleza kama nafundisha, ubaoni, sifa na dhima. Nikaacha. Nikasema, "Mama, nimeziharibu mimi." Nikamwekea ule wa mwali.

Alisikiliza mpaka mwisho, simu ameishikilia sikioni kama anaongea na mtu. Alinirudishia.

"Umenitia kwenye mtungi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na sikuimalizia hata mistari."

"Uliimaliza. Mimi ndiye niliyeitoa. Nilikuomba utulie mwanzoni, ukawa unautafuta. Mashine ikadhani sauti hiyo ndiyo takataka."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na nilijua alikuwa haelewi kosa liko wapi. "Si uliniambia nitulie? Sasa mtu anatuliaje bila kuutafuta?" Halafu akanigusa goti kwa mkono wenye utomvu wa korosho. "Ungeniambia tu nyamaza, mwanangu."

Nililia. Nililia kwa miezi yote ile, kwa karatasi za mitihani na umeme na ndiyo nilizobonyeza bila kusoma, na yeye aliendelea kutenganisha korosho, hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mchagua nazi hupata koroma, basi ndio mimi na usafi wangu. Alikuwa ananitania. Kisha akasema maneno ya nyimbo bado anayo kichwani, daktari hakuyagusa, na kama bado nina kile kidude nikilete Jumamosi, saa yetu ileile.

Nikakipeleka. Makopa yalikuwa yamepungua stoo, na mahali pa mbaazi sasa palikuwa na magunia ya korosho yanayosubiri kupelekwa mnadani. Nilipiga kofi, halikurudi. Nikaweka kigoda, maiki, nikabonyeza arobaini na nane. Safari hii hedifoni nilivaa mimi. Njia nzima kutoka Newala, nyuma ya pikipiki, nilikuwa nimejizoeza kulisema lile neno kwa upole, nimelitafutia sauti ya kulibebea: mama, naomba sasa unyamaze kidogo. Nilikuwa tayari kulisema.

Sikuhitaji. Nilipobonyeza tu, kabla sijafungua mdomo, yeye alikwishaweka mikono juu ya mapaja, akafumba midomo, akatazama chini. Niliujua uso ule. Niliona koo lake likipanda na kushuka chini ya kovu, na kifua kikijaa, kama siku zote. Alikuwa anautafuta.

Nilibana hedifoni masikioni kwa mikono yote miwili. Nilisikia gunia likijishusha lenyewe, kuku mbali upande wa barabarani, na bati likilia kwa jua. Nilizihesabu sekunde zote kumi, na mstari kwenye kioo ulikuwa umenyooka. Nilisikia kila kitu kilichokuwamo katika chumba kile isipokuwa yeye.